Cheti cha usalama kazini kimfikie na nyapara

Aprili 28 ya kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Watanzania wengi wanaikumbuka tarehe hiyo kwa jambo jingine kabisa. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tarehe hizo zimegongana kwa bahati tu. Hata hivyo, anayekaa na vijana wanaotafuta kazi ya usalama migodini, bandarini au kwenye miradi mikubwa ya ujenzi atagundua kwamba mazungumzo huanzia kwenye cheti, na mara nyingi huishia papo hapo.

Wana sababu zao. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, reli ya kisasa na Bwawa la Julius Nyerere vimeleta makandarasi wa kimataifa, na hao hawamwajiri mtu wa sefti kwa kusikia sifa zake kijiweni. Wanataka karatasi. Ng'ambo ya bahari, Qatar, Saudia na Falme za Kiarabu, hali ni hiyo hiyo: matangazo mengi ya kazi za usimamizi wa usalama hutaja NEBOSH kabla hata ya kutaja mshahara. Kijana wa Mombasa au Tanga mwenye stashahada ya uhandisi anajua vizuri kwamba cheti hicho kinaweza kuwa ndiyo nauli yake ya ndege.

NEBOSH ni bodi ya mitihani ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979, makao yake Leicester. Cheti chake cha jumla cha kimataifa kina sehemu mbili. Ya kwanza ni mtihani ambao, tangu janga la Korona mwaka 2020, mtahiniwa huufanyia nyumbani akiwa na vitabu vyake. Hupewa kisa kirefu cha sehemu ya kazi ya kubuni, tuseme ghala au karakana yenye mambo yake mengi, kisha huulizwa maswali ambayo majibu yake lazima yatoke ndani ya kisa hicho. Aliyekariri kitabu hapati kitu. Baadaye huitwa kwa video na kuhojiwa, ili ijulikane kama aliyeandika majibu ni yeye kweli.

Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Mtahiniwa huingia mahali pa kazi halisi na kufanya tathmini ya vihatarishi: aone visivyopungua 10, kutoka makundi yasiyopungua matano, aseme nani anaweza kuumia na vipi, kitu gani tayari kimefanywa na kipi bado, nani afanye na lini. Kisha achague hatua tatu za haraka na kumshawishi mwajiri azigharimie, kwa hoja za utu, za sheria na za fedha. Mtihani unaomlazimisha mtu kutetea matumizi ya fedha mbele ya bosi wake ni mtihani unaojua maisha.

Aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake hatoki alivyoingia. Hawezi tena kupita mtaani akamwona fundi anakata vigae kwa grainda bila maji, vumbi limemfunika hadi kope, akadhani ni kazi tu inaendelea. Anajua kwamba mchanga na mawe vina silika, kwamba vumbi lake laini hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyaharibu pole pole, na kwamba maji kidogo kwenye blade hupunguza sehemu kubwa ya shida hiyo. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa ajali na maradhi yatokanayo na kazi, na takribani milioni 2.6 kati yao huuawa na maradhi, si ajali. Anayeanguka kutoka ghorofani huandikwa gazetini. Mwenye mapafu yaliyojaa vumbi hurudi kijijini akikohoa, na watu husema kalogwa.

Marekani nao wana ngazi yao. Tarehe 25 Machi 1911, moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na mmoja wa milango ya kutokea ulikuwa umefungwa. Oktoba ya mwaka huo huo wakaguzi wa bima wakaunda umoja wao jijini humo, ambao ndio asili ya chama kikuu cha wataalamu wa usalama nchini humo hadi leo. Mwaka 1969 ikazaliwa bodi ya kuwathibitisha wataalamu hao. Cheti chake cha juu, CSP, kinadai shahada na uzoefu wa miaka kadhaa kabla ya mtihani, na mwenye nacho hulazimika kuonyesha kila baada ya miaka mitano kwamba bado anajifunza. Si cheti cha maisha.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kozi ya saa 30 inayotambuliwa na OSHA ya Marekani, ambayo baadhi ya vijana wetu huilipia kwa dola wakidhani wamekuwa wataalamu, ni mafunzo ya kumfumbua mtu macho tu. Mamlaka hiyo yenyewe husema wazi kwamba kadi yake si uthibitisho wa utaalamu. Na OSHA ya Marekani si OSHA ya Tanzania, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayosimamia sheria ya mwaka 2003. Majina yamefanana, nyumba ni mbili.

Mpaka hapo vyeti vinastahili sifa. Tatizo ni nani anavipata.

Katika eneo la ujenzi la kawaida Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi, mwenye cheti, kama yupo, ni kijana aliyesoma, mwenye kompyuta na kizibao kisafi, anayehudumia miradi miwili au mitatu kwa wakati mmoja. Asubuhi anafika, anahutubia, anasainisha watu, anaondoka. Anayebaki ni nyapara, au fomeni kama wengine wanavyomwita. Nyapara ndiye anayeamua mirunda itatolewa leo au wiki ijayo. Ndiye anayemwambia saidia fundi ashuke mtaroni. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na mtaro wa kina cha kifua ukibomoka hauhitaji dakika nyingi kumaliza kazi yake. Kanuni za Marekani hutaka kuta za mtaro zikingwe kuanzia kina cha kama meta moja na nusu. Nani anamfundisha nyapara hayo? Amejifunza kazi kwa kutazama, na waliomfundisha nao walitazama.

Kuna mkasa mmoja ambao kila anayesomea fani hii hukutana nao. Usiku wa Julai 6, 1988, jukwaa la mafuta la Piper Alpha lililipuka katika Bahari ya Kaskazini, mbali na pwani ya Aberdeen. Mchana wake pampu moja ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo na vali yake ya usalama kutolewa. Kibali cha kazi kiliandikwa. Zamu ya usiku haikukiona. Pampu ya pili ilipokataa, wakawasha ile ya kwanza. Wakafa watu 167. Jaji Cullen aliyechunguza mkasa huo alitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na mengi yamekuwa msingi wa usalama wa sekta hiyo hadi sasa. Karatasi ilikuwepo siku hiyo. Ilikuwa mahali pengine, na aliyeshika swichi hakuwa nayo.

Maafa ya nyumbani hayako mbali. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Mei 2024 watu 11 walikufa katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa mkoani Morogoro baada ya hitilafu kwenye mfumo wa mvuke. Novemba mwaka huo ghorofa likaanguka Kariakoo, wakafa zaidi ya watu 20. Kila tukio lina chanzo chake na wachunguzi wake, na si haki kuyatia yote kapu moja. Linaloyaunganisha ni kwamba waliokuwa karibu zaidi na hatari hawakuwa watu wa ofisini.

Sasa turudi kwenye mtihani. Cheti cha NEBOSH kinaweza kufanywa kwa lugha kadhaa, Kiarabu, Kihispania, Kirusi na Kituruki zikiwamo. Kiswahili hakimo. Nyapara mwenye miaka 20 kazini, anayesikia kwa sikio kwamba winchi inalalamika kabla haijakatika, hawezi kukaa kwenye mtihani huo, na sababu ni Kiingereza, si akili. Wamarekani walilikabili tatizo hili mapema. Bodi yao ya vyeti ina cheti maalumu cha wasimamizi wa ngazi ya chini, kipo cha ujenzi, na hakihitaji shahada. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mafundi wa ujenzi huko huzungumza Kihispania, mtihani wake hutolewa kwa Kihispania pia. Kwa kufanya hivyo hawakuushusha utaalamu hadhi.

Watanzania hawana haja ya kuanza sifuri. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani hupimwa kwa kazi anayoifanya, si kwa insha, na akifaulu hupewa cheti kinachotambulika. OSHA nayo inaendesha mafunzo yake na ina wakaguzi wanaojua ajali za hapa zinavyotokea. Kilichobaki ni taasisi hizi mbili kukaa meza moja na Bodi ya Usajili wa Makandarasi na kutengeneza cheti cha usalama cha nyapara, kwa Kiswahili, chenye mtihani wa vitendo kama ile sehemu ya pili ya Waingereza: mpeleke mtu kwenye saiti yake mwenyewe, mwambie akuonyeshe hatari 10, akueleze kwa mdomo atafanya nini kwa kila moja. Asiyeweza kuandika kurasa nyingi anaweza kusema. Wenzao wa Kenya, ambao kanuni zao zinataka kila sehemu ya kazi yenye wafanyakazi 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama na afya, wangefaidika na mtaala huo huo, maana lugha ya saiti Nairobi nayo ni Kiswahili, hata kikiwa na chumvi ya Sheng.

Wapo watakaosema cheti kipya kitaleta soko jipya la kughushi. Hofu hiyo ina msingi, na watu 9,932 wa mwaka 2017 ni ushahidi wake. Lakini cheti kinachopimwa kwa vitendo ni kigumu kununua kuliko kinachopimwa kwa karatasi, na namba ya mwenye cheti ikiwekwa kwenye daftari la wazi, mkandarasi ataihakiki kwa simu yake kabla ya chai ya saa nne.

Pingamizi zito ni jingine. Cheti bila mamlaka ni pambo. Nyapara akisema mirunda isitolewe kwa sababu zege halijakomaa, halafu mwenye jengo akapiga simu kuuliza kwa nini kazi imesimama, nani atashinda? Leo jibu linajulikana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inasema mfanyakazi aliyeripoti hatari kubwa na ya karibu asilazimishwe kurudi hapo mpaka irekebishwe. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unataka anayejiondoa kwenye hatari ya namna hiyo asiadhibiwe, na tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa misingi ya haki za kazi duniani. Maneno yapo. Yanayokosekana ni mtu wa kuyatamka saa tano asubuhi, juani, wakati gari la zege linasubiri na kila dakika inagharimu.

Gharama nazo zisitupwe mabegani mwa nyapara. Anayelipwa kwa siku hawezi kuacha kibarua wiki nzima na bado akalipia kozi. Mkandarasi alipe, kama anavyolipia kofia ngumu na buti. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaobeba mzigo wa waliokwisha kuumia, una kila sababu ya kuchangia wale ambao bado wana mikono yote miwili.

Njia ya kuanza ni fupi, na haihitaji sheria mpya bungeni. Serikali ndiye mteja mkubwa wa ujenzi nchini. Zabuni zake tayari zinauliza mitambo, mtaji na wahandisi waliosajiliwa. Ziongeze mstari mmoja: kila kikosi cha kazi kiwe na nyapara mwenye cheti cha usalama, na mkataba useme kwamba nyapara huyo akisimamisha kazi kwa sababu ya hatari, muda huo hautahesabiwa kuwa ucheleweshaji. Wizara inayohusika na kazi na ile ya ujenzi ziufanyie majaribio mstari huo kwenye mradi mmoja wa barabara au hospitali mwaka huu, OSHA na VETA ziandae wapimaji, na makandarasi wapewe notisi mapema ili wasiwe na kisingizio.