NGOMA ISIWE YA SHEREHE TU

Huko Rujewa, katika bonde la mpunga la Usangu, kama ilivyo Wete au Makunduchi, mzee anapoanza kutetemeka mkono, kuburuta miguu na kupotewa na sauti, majirani husema ni uzee. Wengine husema amerogwa. Yawezekana isiwe hili wala lile, bali ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817. Chembe za ubongo zitengenezazo dopamini, ambayo huongoza mwendo wa mwili, hufa pole pole.

Ugonjwa huu upo nchini. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua wagonjwa 33 miongoni mwa watu wapatao 161,000. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamepata kuambiwa na daktari kinachowasumbua.

Dawa ipo, nayo ni levodopa. Lakini tangu mwaka 2001 kikundi cha wachezaji cha Mark Morris, huko Brooklyn, Marekani, kimekuwa kikiwafundisha wagonjwa kucheza, na mfano huo umeenea nchi nyingi. Imeonekana kwamba kucheza husaidia mwendo, kusimama imara na uchangamfu. Ubongo ulioshindwa kuuamuru mguu huweza kulifuata pigo litokalo nje.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanazijua ngoma za kupunga pepo. Mambo haya yasichanganywe. Hapa hapana pepo apungwaye, wala ngoma haiponyi ugonjwa huu, wala haishiki nafasi ya dawa. Ni mazoezi, tena yenye kumtoa mgonjwa katika upweke.

Nchi yetu haina uhaba wa wapiga ngoma. Kinachokosekana ni mpango. Maofisa Utamaduni huvikumbuka vikundi vya ngoma anapokuja mgeni rasmi. Waganga wakuu wa wilaya hawavihesabu kuwa sehemu ya kazi yao. Twashauri Wilaya ya Mbarali, yenye makao yake Rujewa, iwakutanishe maofisa hao. Wagonjwa watafutwe na kupimwa. Levodopa isikosekane karibu nao, kwani hospitali ya rufaa ya Mbeya iko zaidi ya kilomita 100. Kisha, kila wiki, wapigiwe ngoma ya mwendo wa taratibu, na viti viwepo kwa wasioweza kusimama.

Wizara ya Afya ya Zanzibar nayo haina sababu ya kungoja. Gharama ni ndogo. Aibu ya kuwaficha wazee wetu vyumbani ni kubwa.