Kiingereza cha Baada ya Isha: Aibu Imetoka, Mwalimu Bado

Kuna darasa la Kiingereza siku hizi hapa Pwani ambalo halina ubao, halina kengele wala halina karo. Hufunguliwa baada ya swala ya Isha, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa. Wanafunzi wake wako Kisauni, Likoni, Ukunda na Lamu, na wengine wako Jeddah na Muscat wakifanya kazi katika nyumba za watu. Darasa lenyewe ni kundi la WhatsApp. Mtu hurekodi sauti yake kwa dakika moja akieleza kwa Kiingereza alivyoshinda siku hiyo, wenzake humsikiliza na kumsahihisha panapohitaji, kisha hufuata mwingine.

Mimi nimo katika kundi moja la namna hii tangu mwaka jana. Mpwa wangu aliniingiza nisaidie kusahihisha, kwa kuwa nina stashahada na kazi yangu ni ya kuandika. Wazee wenzangu wengi huuona huu kuwa mchezo wa vijana wa kumaliza bando. Kwa niliyoyasikia humo, naona ni jambo zito kuliko tunavyodhani.

Tuanze na swali ambalo kila mzazi anapaswa kujiuliza. Mtoto aliyepitia mfumo wa 8-4-4 alisoma Kiingereza miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari. Yaani miaka 12 mizima. Mbona mtu huyo huyo, akiitwa kwenye mahojiano ya kazi katika hoteli ya Diani, maneno yanamkauka kooni?

Jibu moja liko kwenye mtihani wenyewe. Katika KCSE, hata ustadi wa kuzungumza hupimwa kwa maandishi, ndani ya karatasi ya kwanza ya Kiingereza. Mwanafunzi huandika jinsi ambavyo angezungumza. Anaweza kupata alama nzuri na asiwe amewahi kusimama dakika tatu mfululizo akisema Kiingereza mbele ya mtu.

Jibu la pili ni aibu. Wengi wetu tulilelewa katika shule ambako ukikutwa unasema Kiswahili siku isiyokuwa yake unavishwa kibao shingoni na kuchekwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi watoto wa enzi yake walivyochapwa na kudhalilishwa kwa kukutwa wakisema Kigikuyu shuleni. Wakoloni waliondoka, lakini mtindo ulibaki. Mtoto akikosea Kiingereza darasa zima linaangua kicheko, na siku hiyo hiyo anajifunza kwamba salama yake ni kunyamaza.

Wako wanaosema watu wa Pwani ni wazito wa lugha za wageni. Hao wafike Malindi na Watamu. Huko kuna vijana wasiomaliza hata shule ya msingi wanaosema Kitaliano kinachotiririka. Hawakukisoma darasani. Walikipata ufukweni, wakiuza vinyago, wakiongoza watalii, wakikosea na kurekebishwa papo hapo, na hakuna aliyewapa alama. Walihitaji kueleweka tu ili wapate riziki. Ulimi wa Mpwani haukuwa mzito kamwe. Kilichokuwa kizito ni hofu tuliyofungashwa nayo shuleni.

Hapo ndipo makundi haya yalipofaulu. Anayekusikiliza ni mwanafunzi mwenzako, naye kesho ni zamu yake kukosea. Ukirekodi sauti na usiipende, unaifuta na kurudia. Mama wa watoto wawili katika kundi letu alikaa wiki tatu akisikiliza tu bila kutoa sauti. Siku alipothubutu, alisema sentensi nne. Leo anasimulia habari kwa dakika mbili bila kusita. Hakuongezewa akili, ila aliondolewa watu wa kumcheka.

Lakini nisiwapambe mno. Nimesikiliza vya kutosha kujua pia udhaifu wa darasa hili, na udhaifu huo hauonekani na walio ndani yake. Sote tunatoka katika lugha moja, kwa hiyo makosa yetu yanafanana. Kiswahili hutumia "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana mtu atamtaja mamake kwa "he" na kundi zima lisishtuke. Sisi tunaazima na kuazimwa kwa kitenzi kimoja. Kwa hiyo mtu husema "borrow me your pen" na masikioni mwetu inakaa sawa kabisa, ilhali Mwingereza angesema "lend". Kiswahili kina irabu 5 tu, basi "ship" na "sheep" tunazitamka sauti moja. Kwa anayetafuta kazi bandarini, kuchanganya meli na kondoo si jambo dogo.

Tunayo faida pia. Mfaransa na Mjerumani huhangaika na sauti ya "think" na ya "this". Sisi tunazo tangu utotoni, katika thelathini na katika dhahabu. Lakini mpaka leo sijasikia mwalimu akiwaambia wanafunzi wa Pwani kwamba matamshi yao yana sehemu ambayo ni nzuri kuliko ya Wazungu wengi.

Hoja yangu ni hii. Wenzako wanaweza kukuondolea hofu, ila hawawezi kukuonyesha kosa wasilolijua wao wenyewe. Kundi la wanafunzi watupu, wote wa lugha moja, litawafanya wawe wepesi wa kusema, na wakati huo huo litayakaza makosa yao yawe mazoea. Kinachokosekana ni mtu mmoja ajuaye, akipatikana hata saa moja kwa wiki.

Wapo watakaosema siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazosahihisha bila malipo. Ni kweli, na vijana wanazitumia. Programu hazichoki wala hazicheki. Lakini programu haijui kwamba fulani amekatika kwa kuwa anaogopa, wala haitamuuliza fulani mwingine mbona amekuwa kimya siku nne. Itumike kama kamusi. Isichukue nafasi ya mwalimu.

Kwa nini nasema jambo hili ni zito? Miezi michache iliyopita dada mmoja wa kundini, aliyekuwa akijiandaa kwenda Ghuba, alituma picha ya ukurasa wa mkataba aliopewa na wakala. Akauliza maana ya neno "deductible". Yeye alidhani ni posho. Tulipousoma mstari wote tukaona ni kinyume: gharama za safari zingekatwa kwenye mshahara wake mwezi baada ya mwezi. Alirudi kwa wakala na kuuliza, naye hakuwa na budi kumweleza hesabu yote. Hakuwa anatafuta Kiingereza cha kujivunia harusini. Alitafuta ngao, na aliipata kwa sababu palikuwa na watu wa kuuliza saa nne za usiku bila kuona haya. Wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga.

Serikali imekuwa ikiwahimiza vijana kutafuta ajira ng'ambo kupitia mpango wa Kazi Majuu. Sawa. Lakini huwezi kumsafirisha mtu na mkataba asioweza kuusoma. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haki ni mkataba wa mfanyakazi upatikane kwa Kiswahili pia. Tuidai haki hiyo, na huku tukiidai tuendelee kujifunza, maana anayesafiri mwezi ujao hawezi kungoja.

Najua lipo jibu la baadhi ya wazee: mwacha mila ni mtumwa, na kukikimbilia Kiingereza ni kuacha mila. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Mtume (SAW) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua ziandikwe na kusomwa na mtu anayeaminika. Lugha ya wengine ilijifunzwa kwa ajili ya kulinda maslahi ya umma. Hapa hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa Pwani washike dini yao na pia waitafute elimu ya zama zao. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, aliandika Kiingereza kilichosomwa dunia nzima, na hakuna aliyewahi kusema kwamba aliacha kuwa Mswahili. Mila huachwa na anayeidharau. Anayeongeza lugha juu ya lugha yake hajaacha kitu.

Yapo mambo ya kuchunga. Kwanza, wameingia matapeli wanaouza "vyeti vya Kiingereza" kwa simu. Cheti cha namna hiyo hakifungui mlango wowote. Anayetakiwa kuwa na IELTS sharti afanye mtihani wenyewe kwa njia rasmi, na matokeo yake kwa kawaida hukubalika kwa miaka 2 tu. Pili, kabla ya kumpa wakala pesa au pasipoti, angalia kama jina lake limo katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tatu, mabinti zetu wasiandamwe faraghani na wanaume waliopata namba zao kundini. Viongozi wa makundi waweke sheria, na anayeivunja atolewe siku hiyo hiyo. Penye haja, pawe na makundi ya kina dada peke yao.

Na sasa naomba mambo matatu. Walimu wastaafu wa Kiingereza tunao katika kila mtaa, kuanzia Majengo hadi Malindi. Mwalimu, tafuta kundi moja ulipe saa moja kwa wiki. Si lazima ufundishe. Sikiliza rekodi kumi, taja makosa matatu yanayojirudia, inatosha. Ni sadaka ya elimu, nayo huendelea kumfaa mtu hata akishafariki.

Kamati za misikiti na madrasa zenye intaneti, fungueni chumba kimoja Jumamosi jioni ili wasio na pesa za bando nao wasikike. Na serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye vyuo vya ufundi, zipeni kozi za hoteli, ushonaji na umeme saa za kuzungumza Kiingereza, kuzungumza kwa mdomo na si kwa kalamu.

Kwa wanafunzi wenyewe sina la kuwafundisha kuhusu ujasiri, maana wametushinda. Nawakumbusha tu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyinyi mmeshainama. Sisi tuliotangulia kazi yetu ni kuwashikia taa, na hadi leo wengi wetu bado tumeikalia.