Sahani ya Peke Yake

Msomaji wangu, nataka kugombana nawe juu ya chapati. Usicheke. Najua kwamba walimu wanapoandika insha hupenda kugombana juu ya mambo makubwa, kama vile elimu na uvivu. Lakini mimi nimeona machozi ya mtoto yakidondoka sahanini siku ya Krismasi, na tangu siku ile chapati kwangu si jambo dogo.

Mtoto huyo ni mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 13. Kwa muda mrefu alikuwa akiumwa tumbo na kuharisha, hakui kama wenzake, na damu yake ilikuwa pungufu hata midomo ikapauka. Alinyweshwa dawa za minyoo mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Mwishowe alipimwa damu, kisha utumbo, tukaambiwa kuwa ana maradhi yaitwayo siliaki. Ndani ya ngano, na ndani ya shayiri na rai pia, mna protini iitwayo gluteni. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake huinuka ikaupiga utumbo wake mwenyewe, na utumbo uliopigwa hauwezi kufyonza chakula. Dawa ya kumponya hakuna. Tiba ni kuiacha gluteni maisha yote.

Basi Krismasi ilipofika jamaa walikusanyika nyumbani kwetu, karibu na Njoro. Chapati zilipangwa moja juu ya moja, na kando yake mchuzi wa kuku uliokuwa ukinukia tangu alfajiri. Mpwa wangu akaletewa sahani ya peke yake: viazi viwili vya kuchemsha na wali wa jana. Hapana aliyemchukia. Kila mtu alimhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyomliza.

Naipinga sahani ile. Wala siipingi kwa sababu viazi ni vibaya, maana viazi vyashibisha. Naipinga kwa sababu mtu hali chapati ya Krismasi ili ashibe. Huila kwa kuwa aliiona ikikandwa na mama yake, alingojea zamu yake ya kusukuma, aliunguza vidole kwa kuiba ya kwanza kutoka kikaangoni. Ukimpa mtoto chakula salama ukamwondolea hayo yote, umeutibu utumbo wake na kumtenga na jamaa zake kwa mkono huo huo.

Nilipoyasema haya mezani nilijibiwa mambo matatu, na huenda wewe nawe unayo ulimini.

La kwanza, ati haya ni maradhi ya Wazungu, ya watu walioshiba mno. Mimi mwenyewe nilikuwa na dhana hiyo. Ni kweli kwamba aliyethibitisha hatia ya ngano alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameishuku ngano kabla ya vita. Majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945 nchi yake ilipata njaa kali, mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua. Na mwaka 1950 aliandika tasnifu yake kuonyesha kwamba watoto wenye siliaki hupata nafuu ngano inapoondolewa. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulikuta kwamba miongoni mwa watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi katika bara letu hili, zaidi ya watano katika kila 100 wana siliaki. Hao si Wazungu, wala hawakushiba mno.

La pili lilitoka kwa mama yangu. "Mwanangu," aliniambia, "kipande kidogo kama ukucha kitamdhuru nini mjukuu wangu?" Alikuwa amekwisha kumpa kipande hicho jikoni, kwa mapenzi. Usiku ule mtoto hakulala, nasi tuliokesha naye hatukuhitaji mhadhara. Kanuni za kimataifa za vyakula haziruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni ikiwa kina zaidi ya miligramu 20 katika kilo moja. Fikiri udogo huo! Kifimbo kilichosukuma chapati za ngano, chekeche lililochunga unga wake, mafuta yaliyokaanga mandazi, hata mashine iliyosaga ngano kabla ya kusaga wimbi wako, vyote vyaweza kupitisha kipimo hicho. Ndiyo maana sahani ya peke yake haimlindi mtoto kama watu wanavyodhani. Sahani ni yake, lakini jiko ni la ngano.

La tatu ndilo lililonikasirisha: kwamba chapati ni mila yetu, na si haki watu 19 waache mila kwa ajili ya mtoto mmoja. Mila ya nani? Jina lenyewe, chapati, limetoka Bara Hindi. Ngano tunayoiona kutoka mlangoni mwetu ni mgeni hapa: Lord Delamere alihangaika nayo Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, na kutu ikamharibia mashamba. Wimbi ulikuwapo Afrika Mashariki maelfu ya miaka kabla yake, na ni kutoka upande huu wa dunia ulikovuka bahari ukafika India. Wimbi hauna gluteni. Mtama hauna, wala mawele, mahindi, mchele, muhogo na ndizi. Sisi tuliouacha wimbi uwe chakula cha wagonjwa na wazee, leo twamwambia mgonjwa kwamba hapana cha kumpikia!

Tazama pwani. Kitumbua ni mchele. Mkate wa kumimina ni mchele, tui, hamira na iliki. Vibibi ni mchele. Watu hula vitu hivi kwa furaha mwezi wa Ramadhani bila kujua kwamba hawana hatia yoyote mbele ya mwenye siliaki. Bhajia za viazi nazo hupakwa unga wa dengu, kama mpishi hakuuchanganya na ngano.

Chapati, nakiri, ina ugumu wake. Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike. Bila hiyo donge hukatika kama udongo mkavu. Tulikosea mara nyingi. Maji baridi hayafai. Chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo na kijiko cha mafuta, mimina kikombe kimoja cha unga wa mchele, songa kama ugali, funika, kisha kanda kungali moto kadiri mkono unavyostahimili. Sisi huongeza kiazi kitamu kilichopondwa, na unga wa wimbi kiasi cha theluthi moja, ili ladha isiwe ya mchele mtupu. Sukuma katikati ya karatasi mbili za nailoni, kwa kifimbo kisichojua ngano. Ile moto, kwa sababu ikipoa huwa ngumu. Si chapati ya zamani, nami sitakudanganya kwamba ni sawa nayo. Lakini humegwa kwa mkono na huchota mchuzi.

Sisemi kila mtu aikimbie ngano. Wako wanaoiacha kwa kufuata mtindo tu, wakanunua pakiti za ng'ambo kwa bei ya mbuzi, hao siwatetei. Na ikiwa wewe unayesoma una dalili nilizozitaja, usiiache ngano kabla ya kupimwa, maana kipimo cha damu chaweza kukosa ugonjwa kwa mtu aliyekwisha kuiacha. Nenda hospitali kwanza.

Krismasi iliyofuata hapakuwa na unga wa ngano nyumbani. Wajomba wawili walinung'unika, wakala, wakaomba tena. Mpwa wangu ndiye aliyesukuma, akawa anamfokea bibi yake kwa kubonyeza mno. Sambusa bado zimetushinda: manda ya mchele hupasuka kwenye pembe ya tatu. Bibi yake anasema atajaribu kutia unga wa muhogo.