Taa nyekundu siyo mganga wa yote!

Wiki hii tuongee habari ya zile taa nyekundu za kujimulika usoni. Wauzaji wanadai eti zinaondoa chunusi, mikunjo, upara, maumivu ya mgongo, hadi kuongeza nguvu za kiume. Ukisikia kitu kimoja kinatibu yote hayo, shtuka!

Ila siyo kwamba yote ni changa la macho. Mwaka 1967 kule Budapest, Hungaria, Dk. Endre Mester aliwanyoa panya manyoya, akawamulika kwa leza nyekundu hafifu. Manyoya yao yakaota upesi kuliko ya wenzao. Mwaka 2007 Marekani ikaruhusu kitana cha leza kwa wanaonyonyoka nywele. Wagonjwa wa kansa nao humulikwa ili dawa kali zisiwachubue mdomoni. Mikunjo? Hupungua kidogo, tena kwa kurudiarudia wiki kibao. Hayo ya nguvu za kiume bado hayajathibitishwa, kaka zangu poleni.

Kilichonikera ni hiki. Binamu yangu ana kisukari na kidonda mguuni. Muuzaji mmoja akamshawishi aache kliniki, anunue taa. Nikamwambia, "Dada, nywele huota tena. Mguu ukikatwa ndiyo basi!" Kesho yake nikamsindikiza kliniki mwenyewe.

Kama una mshiko wa kuchezea, jimulike. Lakini ugonjwa peleka kwa daktari kwanza. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa!