Majalada ya Majarida na Hadhi ya Wasomaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno juu ya majalada ya majarida yanayotandazwa mezani kwa wauza magazeti hapa Mwanga mjini, maana aghalabu jalada humchagua msomaji kabla msomaji hajalichagua jarida.

Jalada la jarida lililokusudiwa wanawake huwa na wajihi wa bibi anayetutazama kwa tabasamu, rangi zikiwa za upole, na vichwa vya habari vikiahidi ndoa, mapishi na ngozi laini. La wanaume hujaa wachezaji wa mpira, rangi nyekundu na herufi nene, na likikosa mchezaji humweka mwanamke aliyevuliwa stara, kana kwamba hulka ya mwanamume ni tamaa tu, na akili ya mwanamke haivuki kioo chake.

Ada hiyo si ya lazima, kwani Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoasisiwa mwaka 1987, kilitoa jarida la Sauti ya Siti, lililobeba jina la Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, likatetea haki za wanawake pasipo kuwavunjia heshima.

Kwa hiyo nawasihi wahariri na wasanifu: mwekeni jaladani mama wa Usangi achumaye kahawa, na baba wa Ugweno amleaye mwanawe, ili waume kwa wake wasome jarida moja, kila mmoja akitendewa kwa insafu.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Mwanga, Kilimanjaro