Houllier alirudi uwanjani mapema, mashabiki mnamwonea

Mashabiki wa Liverpool wa hapa Nairobi wana mchezo mmoja wasiouchoka. Mechi ikiisha na chupa zikiwa zingali mezani, huanza kuwapanga mameneja wa zamani wa klabu hiyo, kutoka aliye bora hadi aliye ovyo. Nimeusikiliza mchezo huo mara nyingi katika mabaa ya Buruburu, na kila mara Mfaransa Gerard Houllier husukumwa chini. "Yule alianza vizuri halafu akaisha," husema mmoja. "Alimwacha Anelka akamnunua Diouf," hudakia mwingine, na hapo kesi huwa imekwisha.

Mimi si wakili wa Houllier. Lakini hizi ni kurasa za afya, na katika maneno hayo ya baa kuna jambo ambalo mahakimu wetu hulipita kama matatu iliyojaa inavyoipita steji.

Mnamo Oktoba 13, 2001, Liverpool walikuwa wakicheza na Leeds United uwanjani Anfield. Wakati wa mapumziko Houllier, aliyekuwa na umri wa miaka 54, alishikwa na maumivu ya kifua. Alikimbizwa hospitalini, na huko ikagunduliwa kwamba ukuta wa aota yake ulikuwa umechanika.

Aota ndio mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, ule unaoipokea damu kutoka moyoni na kuisambaza. Ukuta wake una matabaka matatu. Tabaka la ndani likichanika, damu hupenya katikati na kuyatenganisha matabaka hayo, mfano wa maji yanavyopenya chini ya rangi ya ukuta hadi ikabambuka. Damu hiyo iliyopotea njia yaweza kuziba mishipa iendayo kwenye ubongo au figo, au ikautoboa ukuta wote, na hapo mtu hufa kwa muda mfupi sana. Kila saa inayopita bila upasuaji humwongezea mgonjwa hatari. Houllier alifanyiwa upasuaji uliochukua muda wa saa 11 hivi.

Baada ya miezi mitano alikuwa amerudi. Machi 19, 2002, Liverpool walihitaji kuwalaza AS Roma kwa tofauti ya mabao mawili ili wasonge mbele katika Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya, na Houllier akatokea uwanjani pasipo kutarajiwa. Mashabiki walishangilia kana kwamba wamemwona mfu akifufuka. Roma walilazwa 2-0. Usiku ule kila mtu aliutazama ubao wa matokeo, na ni wachache waliomtazama mtu mwenyewe, jinsi alivyokonda.

Mfupa wa kifua uliokatwa kwa msumeno huchukua takriban miezi mitatu kuunga. Hilo ndilo jeraha lionekanalo. Lisiloonekana ni uchovu usioisha, usingizi unaokatika usiku, kusahausahau, kushindwa kuwaza jambo moja kwa muda mrefu, na huzuni nzito inayowapata wengi waliopasuliwa moyo. Wengine hupona baada ya wiki kadhaa, wengine huhitaji miezi mingi. Tena aliyewahi kuchanika aota hana budi kuizuia presha yake isipande, maisha yake yote. Sasa niambie, msomaji, kama ungetafuta duniani ofisi mbaya kuliko zote kwa mgonjwa wa aina hiyo, ungepata ipi ipitayo kiti cha meneja wa Liverpool?

Kilichofuata mashabiki wanakijua kwa moyo. Mwezi Aprili walitolewa na Bayer Leverkusen, baada ya Houllier kumwondoa Dietmar Hamann katika kipindi cha pili, kosa ambalo hadi leo husimuliwa kama la jana. Ligi walimaliza wa pili, pointi saba nyuma ya Arsenal. Kisha wakanunuliwa El Hadji Diouf na Salif Diao, wa kile kikosi cha Senegal kilichowalaza Ufaransa katika Kombe la Dunia na kutufanya sisi huku turukeruke. Kati ya Novemba 2002 na Januari 2003 timu ilicheza mechi 11 za ligi bila ushindi. Ilipofika Mei 2004, Houllier akaachishwa kazi.

Simtakasi. Ununuzi ule ulikuwa mbovu na saini ilikuwa yake. Hata kabla ya kuugua, timu yake ilikuwa na tabia ya kujificha nyuma na kungojea kuvizia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga miayo. Ninachokataa ni mizani. Mtu aliyetwaa Kombe la Ligi, Kombe la FA na Kombe la UEFA katika msimu mmoja wa 2000-01, na mtu aliyekalia kiti kile kile mwaka mmoja baadaye akiwa na kifua kilichoshonwa, huwezi kuwaweka kwenye karatasi moja ukatoa wastani. Kosa la kwanza, kwa maoni yangu, lilikuwa tarehe ya kurudi. Angekaa nyumbani hadi msimu mpya uanze, naye msaidizi wake Phil Thompson aendelee kushika usukani.

Ajabu ni kwamba klabu hiyo ilikuwa tayari imeonywa. Kenny Dalglish alijiuzulu Februari 22, 1991, siku mbili baada ya sare ya 4-4 na Everton. Alikuwa amebeba maziko na majonzi ya mkasa wa Hillsborough wa 1989, na mwili wake ukawa unatoka vipele kwa mfadhaiko. Graeme Souness aliyemfuata alipasuliwa moyo Aprili 1992, na mwezi uliofuata alikuwa amekaa kwenye benchi uwanjani Wembley katika fainali ya Kombe la FA. Mameneja watatu wa klabu moja, katika muda wa miaka 11!

Huenda nina uchungu wa ziada, na afadhali niseme chanzo chake. Kaka yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya upili. Alikuwa na presha, lakini aliacha vidonge kwa kuwa hakusikia ugonjwa wowote, na presha kwa kawaida haisikiki. Akapatwa na kiharusi. Halmashauri ya shule ikamngojea wiki saba, kisha ikaanza kuuliza atarudi lini. Alirudi akiburuta mguu, akisahau majina ya walimu wake. Matokeo ya mtihani yaliposhuka, mzazi mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Huyu mwalimu ameisha." Nilikuwepo. Ndilo neno lile lile la Buruburu. Miaka 12 ya kuijenga shule ile ilifutwa kwa miaka miwili ya ugonjwa.

Houllier naye alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kocha, na alipata kufundisha shule mjini Liverpool mwaka wa 1969. Baada ya kuachishwa kazi aliiongoza Lyon kutwaa ubingwa wa Ufaransa mara mbili mfululizo. Mwaka wa 2010 alichukua Aston Villa, na Aprili 2011 moyo ukamrudisha hospitalini, akaiacha kazi hiyo mwezi Juni. Alifariki Desemba 14, 2020, akiwa na umri wa miaka 73. Ule ushindi wa Istanbul wa 2005 mashabiki humpa Rafael Benitez peke yake, ingawa Hyypia, Hamann, Riise na Dudek walikuwa wameletwa na Houllier.

Jumamosi iliyopita niliwaomba wale wa Buruburu wampange mara mbili, Houllier wa kabla ya Oktoba 2001 na Houllier wa baada yake. Walikataa. Mmoja, mwanamume wa miaka hamsini hivi mwenye sahani ya nyama choma na kilima cha chumvi mbele yake, alisema matokeo ni matokeo. Nilimuuliza presha yake ni ngapi. Alicheka, akasema hajawahi kupimwa.