Babu Aliimba, Mimi Nikafuta

Makamanda, leo naungama kosa langu hadharani.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Bukene. Kulikuwa na ngoma baada ya mavuno. Manju, mzee wa umri wa babu yangu, akaimba kuhusu mizani ya kununulia pamba: mkulima analala na kilo mia, anaamka na themanini. Watu walicheka, kicheko cha mtu aliyeguswa kidonda. Nikapiga video ya dakika tatu kwa simu, nikairusha kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Kabla jua halijazama ilishafika Dar.

Kesho yake kiongozi mmoja wa pale akanipigia: "Binti, nani kakupa kibali cha kurekodi?" Nikatetemeka. Nikaifuta.

Manju naye alikuwa ameitwa na kuhojiwa, basi jioni nikaenda kumpa pole. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Mimi wimbo wangu sijaufuta. Wewe unayesoma sheria, umefuta kwa kifungu gani?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inadai kibali kabla ya kutengeneza filamu ya kuonyeshwa kwa umma. Michezo ya jukwaani nayo imo humohumo. Yaani mwenye kamera na msanii wamefungwa kamba moja. Kibali chenyewe hakitolewi na kiongozi wa kijiji. Na je, dakika tatu za simu nazo ni filamu? Anayetaka kututisha atasema ndiyo. Sheria hii ilitungwa wakati kamera zilikuwa za kuhesabu. Leo kamera iko mfukoni mwa kila kijana.

Upande wa pili, Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake na wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Najua watatujibu kwa Ibara ya 30, kwamba haki zina mipaka. Sawa. Lakini mipaka hiyo ipo kulinda haki za wengine na maslahi ya umma. Mizani iliyochezewa si haki ya mtu, na umma haufaidiki nayo.

Tazameni jirani zetu Uganda. Moses Bwayo alimfuata Bobi Wine na kamera kwa miaka kadhaa, tangu mwanamuziki huyo wa Kamwokya alipoingia bungeni 2017 hadi uchaguzi wa rais wa 2021. Bwayo akiwa kazini alipigwa risasi ya mpira usoni. Aliwekwa ndani pia. Hakuacha. Filamu aliyoiongoza na Christopher Sharp ilionyeshwa Venice 2022, ikateuliwa kuwania Oscar ya 2024. Waliotaka kusema hayo hayakutokea walikuta picha zimeshatoka.

Sisi hatuhitaji filamu ya saa mbili. Dakika tatu za manju, za kwaya, za vijana wa maigizo pale stesheni zinatosha. Ila tuwe na utaratibu. Kwanza, muombe msanii ruhusa, maana wewe utarudi chuo na yeye atabaki kijijini. Mimi sikuomba, na aliyeitwa ni yeye. Pili, weka nakala sehemu mbili kabla hujarusha. Tatu, tusimvalishe manju fulana ya chama. Siku akituimba sisi, video hiyo nayo irushwe, tena na sisi wenyewe.

Na baraza letu la vijana lijalo lisiishie kwenye nyimbo na vigelegele. Lipitishe azimio: chama kidai kifungu cha kibali kisiwaguse raia wanaorekodi maisha yao bila biashara.

Nimeshamuomba babu ruhusa ya msimu ujao. Amekubali, kwa sharti moja: nikipigiwa simu tena, nijibu kwa kifungu.